Eyam: Kijiji Kilichojifungia kwa Ajili ya Jirani



Mwezi wa Novemba unapoanza, Mama Kanisa hutupatia siku mbili zinazofuatana kwa karibu. Tarehe 1 tunawashangilia Watakatifu Wote, na tarehe 2 tunawaombea Marehemu Wote. Katika siku ile ya kwanza mawazo yetu hukimbilia upesi kwa watakatifu ambao sanamu zao tunazo kanisani na ambao majina yao tuliyapokea katika ubatizo. Hao tunao mwaka mzima, kila mmoja na tarehe yake. Sherehe ya Watakatifu Wote inatukumbusha hasa wale wengine, umati usiohesabika wa wakulima, wajane, vibarua na watoto ambao hakuna aliyewahi kuwatangaza, nao wamekwisha kuuona uso wa Mungu.

Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuwapeleka kwenye kijiji kimoja cha Uingereza ambako tarehe hiyohiyo ya 1 Novemba, kwa kalenda iliyotumika huko wakati ule, mwaka 1666, alifariki mtu wa mwisho katika msiba uliodumu miezi 14. Aliitwa Abraham Morten. Kijiji chenyewe kinaitwa Eyam, jina ambalo wenyeji hulitamka “Iim”. Kipo katika milima ya Derbyshire, yapata kilomita 20 kutoka mji wa Sheffield. Katika karne ya 17 watu wake walikuwa wakulima, wafugaji wa kondoo na wachimbaji wa madini ya risasi. Hakikuwa na jambo lolote la kukifanya kijulikane duniani.

Mwaka 1665 tauni iliushambulia mji wa London, na kwa hesabu zilizoandikwa rasmi iliua watu zaidi ya 68,000. Eyam ilikuwa mbali na London kwa zaidi ya kilomita 200, na watu wake hawakuwa na sababu ya kuogopa. Lakini mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo, fundi mmoja wa kushona nguo, Alexander Hadfield, aliletewa kutoka London sanduku la vitambaa. Msaidizi wake, George Viccars, alilifungua, akakuta vitambaa vina unyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Pamoja na vitambaa walikuwamo viroboto. Siku chache baadaye Viccars alishikwa na homa, akavimba mitoki, na tarehe 7 Septemba akazikwa. Kisha wakafuata watoto wa nyumba ileile, kisha majirani wa ng’ambo ya njia. Hadi mwaka ulipokwisha, watu zaidi ya 40 walikuwa wamekufa.

Majira ya baridi yalipunguza vifo, watu wakaanza kutumaini kwamba hatari imepita. Ilipofika mwezi wa Mei mwaka 1666 hali ilikuwa karibu na utulivu. Mwezi wa Juni tauni ikarudi kwa nguvu mpya, na hapo ndipo wanakijiji walipojiuliza swali ambalo ndilo kiini cha tafakari yetu: Je, tukimbie?

Tusilichukue swali hilo kwa wepesi. Kukimbia tauni halikuwa jambo la aibu wakati ule. Huko London wenye uwezo walikuwa wameondoka, pamoja na mfalme na watu wake. Pale Eyam penyewe wachache wenye mali walikuwa wamekwisha kwenda zao. Lakini kila aliyekimbia aliweza kuwa ameubeba ugonjwa katika nguo au katika damu yake bila kujua, akaupeleka katika nyumba ya ndugu aliyempokea kwa upendo.

Kasisi wa kijiji alikuwa William Mompesson, kijana wa miaka 28 wa Kanisa la Anglikana, aliyefika hapo mwaka 1664 pamoja na mke wake Catherine na watoto wawili wadogo. Watu hawakumpenda sana. Walikuwa bado wanamkumbuka mtangulizi wake, Thomas Stanley, Mpuritani aliyeondolewa katika parokia kwa sababu alikataa kufuata sheria ya mwaka 1662 iliyowalazimisha makasisi wote kutumia kitabu kimoja cha sala. Stanley alikuwa angali anaishi palepale, bila cheo wala mshahara. Wapendwa, sote tunafahamu hali inavyoweza kuwa pale mchungaji mpya na mchungaji wa zamani wanapokaa katika kijiji kimoja, kila mmoja na watu wake. Na hawa wawili hawakutenganishwa na wivu mdogo tu. Walitenganishwa na mafundisho, na vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyokuwa imemwaga damu nyingi nchini mwao, na sheria iliyomwondoa mmoja na kumweka mwingine.

Hata hivyo Mompesson alimwendea Stanley. Alitambua kwamba neno lake peke yake lisingetosha, kwa kuwa imani ya watu ilikuwa kwa yule mzee. Wakapatana, wakasimama pamoja mbele ya watu, wakawaomba mambo matatu. La kwanza, kila familia iwazike wafu wake yenyewe, mara moja, karibu na nyumbani, bila kuwapeleka makaburini. La pili, kanisa lifungwe, na ibada zifanyike nje, katika bonde liitwalo Cucklet Delf, ambako kila familia ingesimama peke yake mbali na wengine. La tatu, ambalo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, mtu yeyote asitoke katika mipaka ya kijiji na yeyote asiingie, mpaka tauni ikome.

Watu wakakubali.

Bwana mkubwa wa jirani, Earl wa Devonshire, aliyekuwa na makao yake Chatsworth, aliahidi kuwaletea chakula. Vyakula na dawa viliwekwa mpakani, na wanakijiji wakaacha fedha ndani ya maji ya chemchemi, au katika vishimo vya jiwe vilivyojazwa siki, ili sarafu zisiwe na madhara kwa atakayezishika. Chemchemi hiyo mpaka leo inaitwa Kisima cha Mompesson, na jiwe lile lenye vishimo bado lipo kati ya Eyam na kijiji cha Stoney Middleton. Mpaka wenyewe haukuwa na ukuta wala askari wa kuzunguka milima yote. Usiku wowote mtu angeweza kupanda kilima na kutoweka. Kilichowazuia walio wengi kilikuwa ahadi waliyoitoa.

Tuwaangalie sasa baadhi ya wakazi hao, kwa maana tukisema “kijiji” tu, tutasahau kwamba walikuwa watu.

Elizabeth Hancock aliishi katika shamba la Riley, juu kidogo ya kijiji. Mwezi wa Agosti mwaka 1666, kati ya tarehe 3 na tarehe 10, alimzika mume wake na watoto wake 6. Aliwachimbia makaburi mwenyewe, akawaburuta mwenyewe kwa kitambaa, kwa kuwa hakukuwa na jirani wa kumsaidia, na sheria ya kijiji haikuruhusu. Masimulizi yanasema kwamba watu wa Stoney Middleton walimwona kutoka kilima chao na hawakuthubutu kusogea. Mama huyu hakuugua. Baadaye alikwenda Sheffield kwa mwanawe aliyebaki. Makaburi ya Riley yapo mpaka leo, yamezungushiwa ukuta wa mawe katikati ya malisho, na hakuna awezaye kupita hapo bila kunyamaza.

Marshall Howe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Aliugua tauni akapona, na kwa kuamini kwamba haitamrudia, akajitolea kuwazika wale ambao familia zao hazikuwa na mtu wa kuwazika. Malipo yake yalikuwa mali za marehemu: nguo, vyombo, chochote alichokikuta. Wanasimulia kwamba siku moja alikuwa akimtoa ndani mtu aitwaye Unwin, kaburi likiwa tayari, na yule “maiti” akafumbua macho akaomba kinywaji. Tunacheka, lakini kicheko hakidumu, kwa sababu Howe huyohuyo alikuja kuwazika mke wake Joan na mwanawe William. Kwa miaka mingi baadaye wazazi wa Eyam waliwatisha watoto watundu kwa jina lake. Je, alikuwa mtu mwema? Alipenda mali, hilo ni wazi. Lakini pia aliwabeba wafu ambao hakuna mwingine aliyekubali kuwagusa, na kuwazika wafu Kanisa limelihesabu daima miongoni mwa matendo ya huruma. Mungu, anayejua kupima, ndiye aliyempima.

Yupo pia binti aitwaye Emmott Sydall. Masimulizi ya kijiji yanasema kwamba alikuwa mchumba wa kijana wa Stoney Middleton, Rowland Torre, na kwamba walikuwa wakija katika bonde na kutazamana kwa mbali bila kukaribiana. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1666 Emmott hakuja tena. Kijana aliendelea kufika na kungoja, na tauni ilipokwisha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kijijini, ndipo akaambiwa.

Na yupo Catherine Mompesson, mke wa kasisi. Hapa, wapendwa, tunafika mahali ambapo habari ya Eyam inatugusa sisi tuliopewa daraja ya uchungaji, na hatupendi kupapita haraka. Kabla ya kijiji kufungwa, Mompesson aliwatoa watoto wake, George na Elizabeth, akawapeleka kwa ndugu huko Yorkshire. Baadaye akasimama mbele ya wazazi wengine na kuwaomba wasiwatoe wa kwao. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, na hatuwezi kusema kwamba lawama hiyo haina msingi. Watoto wa Elizabeth Hancock hawakuwa na ndugu wa kuwapokea mbali, au kama walikuwa nao, hawakupelekwa. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa sadaka kwa ajili ya Derbyshire nzima.

Mompesson alimsihi Catherine naye aondoke pamoja na watoto. Catherine akakataa. Alikaa na mumewe, akawatembelea wagonjwa pamoja naye majira yote ya joto, na tarehe 25 Agosti mwaka 1666 akafa, akiwa na umri wa miaka 27. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Laurenti, karibu na msalaba wa mawe wa karne ya 8 uliokuwako hapo kabla ya mafarakano yote ya Wakristo wa nchi ile. Katika barua aliyoiandika baada ya msiba, kasisi huyo alikifananisha kijiji chake na Golgota. Tunaamini hakulitumia neno hilo kwa mapambo. Alikuwa ameliona fuvu la kichwa na msalaba mahali pamoja.

Tauni ilipokoma, watu wapatao 260 wa familia 76 walikuwa wamekufa. Zamani iliaminika kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Uchunguzi wa karibu zaidi unaonyesha kwamba walikuwa 700 au zaidi. Hata kwa hesabu hiyo ya pili, ni kama katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo yetu theluthi moja ya wanajumuiya ingeondolewa katika kipindi cha mwaka mmoja na miezi miwili.

Je, sadaka yao ilikuwa na faida? Swali hili limeulizwa na wasomi, nasi hatulikwepi. Wapo wasemao kwamba kuwafungia watu pamoja na viroboto na panya kuliongeza vifo ndani ya kijiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya maambukizi ya Eyam yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na yapata robo moja tu ilitoka kwa panya. Maana yake ni kwamba hatari ya mtu kumwambukiza mtu ilikuwa ya kweli, na huenda wale waliobaki ndani waliambukizana zaidi kwa sababu walibaki. Na maana yake pia ni kwamba kama wangetawanyika, wangeibeba tauni mpaka kwenye meza za watu wengine. Tauni haikuvuka kutoka Eyam kwenda vijiji vya jirani. Gharama yake ilibaki kwa wale waliokubali kuilipa, na kwa watoto wao.

Wakazi wa Eyam wakati ule hawakuwa Wakatoliki, na pengine wapo watakaouliza kwa nini tunawaweka mbele yenu katika sherehe hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umoja wa Wakristo ya mwaka 1964, ulitufundisha kuyatambua kwa furaha mema ya Kristo yanayoonekana kwa ndugu zetu waliotengana nasi, hata kufikia kumwaga damu. Bwana wetu alisema kwamba hakuna upendo ulio mkuu kuliko wa mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Watu wa Eyam waliutoa kwa ajili ya watu wa Stoney Middleton na Sheffield, ambao wengi wao hawakuwajua kwa majina. Nao makasisi wawili waliotengwa na sheria walikutana katika jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wao angeliweza peke yake.

Katika Kanisa letu juma hili tunamkumbuka pia Mtakatifu Karoli Boromeo, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Novemba. Tauni ilipoingia Milano mwaka 1576 na watu wakafungiwa majumbani, askofu huyo alibaki mjini, akaagiza altare zijengwe njiani, ili waliofungiwa waishiriki Misa wakiwa madirishani. Bonde la Cucklet Delf na njia za Milano zinatufundisha jambo moja. Kuna wakati ambapo upendo humkumbatia mgonjwa, na kuna wakati ambapo upendo husimama mbali na kuvumilia umbali huo, kwa sababu kukaribia kungekuwa kuua. Kwa moyo wa kibinadamu namna hii ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Mkono unataka kugusa.

Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini walilifahamu hilo katika miaka ya 2018 hadi 2020, Ebola ilipoua huko watu zaidi ya 2,200. Waliombwa wasiwaoshe wafu wao, wasiwabusu, wawaache wageni waliovaa mavazi ya kujikinga wawazike. Kwetu sisi Waafrika, kumnyima marehemu mikono ya watoto wake ni jambo zito mno. Familia zilizokubali hazikuwa zimeacha kuwapenda wafu wao. Zilikuwa zimewapenda pia majirani walio hai. Na mwaka 2020, katika nchi nyingi, milango ya makanisa ilipofungwa kwa sababu ya korona, waamini wengi waliuliza kama Mungu anaweza kuabudiwa nje ya kuta. Watu wa Eyam walikwisha kulijibu swali hilo wakiwa wamesimama kwenye majani, kila familia peke yake, wakihesabu kwa macho kila Dominika nani hakufika.

Baada ya msiba maisha hayakuwa mepesi. Mompesson alihamia parokia ya Eakring mwaka 1669, na watu wa huko walimwogopa kiasi kwamba ilibidi akae kwa muda kwenye kibanda nje ya kijiji. Aliyewaomba wengine wakubali kutengwa alitengwa yeye mwenyewe, akavumilia. Stanley alikufa palepale Eyam mwaka 1670, kati ya watu aliowapenda. Na kila mwaka, Dominika ya mwisho ya Agosti, watu hukusanyika bondeni kusali na kuwakumbuka.

Wapendwa, Novemba hii tutaandika majina ya marehemu wetu na kuyaweka karibu na altare. Tunawaomba kila familia iongeze jina moja la mtu asiye na wa kumwombea: jirani aliyekufa bila ndugu, mgeni aliyezikwa na kijiji, muuguzi au mhudumu aliyebaki kazini wakati wengine walipoondoka. Mkikumbuka jambo gumu ambalo mtu huyo alilivumilia ili wengine wawe salama, wasimulieni watoto wenu jambo hilo jioni, kabla ya Rozari. Hivyo ndivyo Eyam ilivyowahifadhi watu wake, kwa kuwataja.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, Abraham Morten na wote waliomtangulia, na marehemu wetu sote. Tunawatakia nyote Dominika njema na mwezi wenye sala nyingi. Mungu awabariki.